Mheshimiwa Anakunywa Maji

Mkuu wa wauguzi hakukubali kuingia ndani. Alisimama mlangoni akiwa ameshika furushi la sare nyeupe kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu, kisha akaliachia likaanguka kwenye beseni.

"Nusa," akasema.

Dobi akanusa. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo, maana harufu ile aliijua tangu alipozianua sare kambani, akajidanganya kwamba pasi ingeiondoa. Pasi haikuondoa kitu. Ilizipika tu. Sare zilikuwa na rangi ya chai iliyopungukiwa majani, na zilinuka yai viza lililopakwa sabuni.

"Nitazirudia, dada. Bure kabisa. Nitatafuta maji mengine..."

"Mgonjwa wangu ameniuliza kama muuguzi amejikojolea. Unajua nilimjibu nini? Sikumjibu. Nilikosa la kusema, mimi, na umri huu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wodi nzima, na wanawake waliokuwa wakipanga ndoo kisimani wakaacha kupiga pampu ili wasikose neno. "Hatukuletei tena. Na tafadhali usije pale getini kubembeleza. Walinzi nimeshawaambia."

Akaondoka akipangusa vidole kwa leso. Dobi akabaki ameinama juu ya beseni. Wale wanawake wakaanza tena kupiga pampu, kwa bidii ya watu ambao hawakusikia chochote.

Zahanati ndiyo iliyokuwa mteja wake wa mwisho mwenye maana. Nyumba ya wageni ilishamkimbia. Kinyozi naye alishaanza kufua taulo zake mwenyewe, na kila alipopita alisalimia akiwa mbali.

Nyumba ya Dobi ilikuwa ya mwisho katika mtaa, mgongo wake ukiegemea dampo. Zamani dampo lilikuwa mlima wa taka wazi, na angalau mtu alijua anachokiona. Siku hizi lilikuwa limefungwa, likafunikwa udongo, likapandwa nyasi, na mbele yake pakasimikwa bango lenye picha ya kipepeo. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ilijisifu sana kwa kipepeo yule. Taka zenyewe hazikupewa taarifa kwamba zimefungwa. Ziliendelea kuoza kule chini kama kawaida. Mvua iliponyesha, maji yalipenya udongo, yakajichuja kupitia uozo wa miaka, yakatokea mguuni mwa mlima yakiwa meusi, mazito, yanayometa mafuta. Yalitakiwa yaishie kwenye bwawa lililotandikwa plastiki, yavutwe kwa pampu yakasafishwe. Plastiki ilichanika, pampu ikapelekwa kutengenezwa na haikurudi. Basi maji yale yakajitafutia njia yenyewe, na njia yao ilipita chini ya nyumba ya Dobi kuelekea kisimani.

Uozo huohuo ulitoa gesi. Gesi nayo ilitakiwa itoke kwa mabomba, na mabomba yalikuwapo, yamesimama juu ya kilima kwa safu, yamepakwa rangi ya njano, mazuri kama mishumaa ya keki. Kasoro yao ilikuwa moja. Yalichomekwa ardhini kina cha goti tu, kwa sababu mashine ya kuchimba ilikuwa ghali na wapiga picha hawapigi picha chini ya udongo. Dobi alilijua hilo kwa kuwa aliyeyashikilia mabomba yasipinde wakati yanafukiwa alikuwa mumewe.

*

Mumewe aliitwa Mheshimiwa. Jina hilo alilipata mwaka aliogombea udiwani na kuambulia kura ambazo zisingejaza basi dogo. Vijana wa mtaani walianza kumwita hivyo kwa kejeli, nao walingoja akasirike. Hakukasirika. Aliinua mkono na kuwapungia. Tangu siku hiyo kila aliyeita "Mheshimiwa!" alipungiwa mkono, na mwishowe hata wenye kejeli walichoka, yeye akabaki na cheo.

Meneja wa dampo alipokuwa akitafuta mtu wa mtaani wa kumtumia, hakuhangaika. Alitafuta anayeitika akiitwa kwa dhihaka. Akampa kizibao cha njano kinachong'aa, kofia ngumu na cheo cha Balozi wa Mazingira. Akampa pia kipima gesi cha kuning'iniza kiunoni, atembee nacho nyumba za karibu na kilima na kutoa taarifa kikilia. Mheshimiwa alikivaa kama wengine wanavyovaa bastola.

Jioni ile Dobi alimkuta ameketi sebuleni, kofia ngumu kichwani, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akinywa maji ya chupa.

"Zahanati wameniacha," akamwambia.

"Wameona wivu."

"Wivu gani? Sare zimetoka na rangi ya mkojo. Maji ya kisima yamekufa, baba. Nenda kayanuse."

Mheshimiwa alifunga kizibo cha chupa taratibu. Alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, aliyoiiga kwa wakubwa, na ilimfanya aonekane mtu aliyesahau swali. "Maji yale yamepimwa. Yako ndani ya viwango."

"Viwango vya nani?"

"Viwango ni viwango, mke wangu."

"Haya, kunywa basi. Ndoo hii hapa."

"Mimi nakunywa ya ofisi kwa sababu za kiitifaki." Hakucheka. Angecheka, pengine Dobi angemsamehe. "Na usinitie maneno mdomoni kabla ya ugeni. Wanakuja watu kutoka wizarani kukagua mradi. Nitakunywa mbele yao, hadharani, gilasi nzima ya maji ya kisima. Meneja amenichagua mimi. Wakiridhika, nitakuwa msimamizi wa jamii katika dampo jipya, na ofisi na kiyoyozi."

"Utakunywa ya kisima?"

Mheshimiwa akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Ya kisima kwa maana ya kisima. Meneja ataandaa. Wewe utaleta jagi. Anataka mke wa balozi aonekane. Vaa lile gauni la bluu."

Dobi alimtazama mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja ujana wake wote. Alijaribu kukumbuka kama alikuwa hivi tangu mwanzo au aliharibika polepole kama maji. Hakupata jibu. Akaenda kuroweka mashuka.

*

Katika chumba cha nyuma, kile kilichopakana na kilima, alikaa mama yake Mheshimiwa. Alikuwa bikizee mwenye ulimi mkali, mwenye imani mbili tu zisizotikisika: kwamba mwanawe alizaliwa kuongoza watu, na kwamba mke aliyemwoa ndiye aliyemrudisha nyuma. Kazi ya udobi aliiona aibu. Mgeni akija, alimwomba Dobi aondoe kamba za nguo uani, "isije ikaonekana kama tunaishi kwa kufulia watu," ilhali ndivyo walivyoishi.

Tangu mvua zianze, bikizee alikuwa akiamka na kichwa kinachopasuka. Kizunguzungu kilimshika, akatapika, akatoka nje kukaa kwenye jua, akapata nafuu, akarudi ndani kikaanza upya.

"Ni sabuni zako," alimwambia Dobi. "Unatuvukiza na madawa yako humu kama mende."

"Mama, sabuni nafulia uani mbele. Huku nyuma kuna kitu kinatoka ardhini. Hebu tazama."

Alimpeleka nyuma ya nyumba. Madimbwi ya mvua yalikuwa yakitoa mapovu, moja hapa, matatu pale, kama uji unaoanza kuchemka, na hapakuwa na moto. Bikizee aliyatazama kwa muda.

"Vyura," akasema.

"Vyura gani hawana kichwa, mama? Njoo ulale chumba cha mbele, kitandani kwetu. Sisi tutalala sebuleni."

"Nilale kitandani kwa mwanangu na mkewe? Unaniona nimepungukiwa na adabu?" Alijifunga vizuri kanga yake. "Mwanangu anatembea na mashine ya kupimia hayo mambo. Kungekuwa na ubaya, angeniweka mle ndani?"

Swali lile lilikuwa zuri sana, na aliyeuliza hakujua.

*

Kizibao cha njano kilifuliwa mara moja kwa wiki, kwa maji aliyokwenda kuyachota bomba la juu, mbali, kwa sababu Mheshimiwa hakutaka kinuke. Dobi alipokuwa akitoa vitu mifukoni mwake ndipo aliposhika kile kipima gesi. Kilikuwa chepesi. Alikigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Kitupu. Hakikuwa na betri.

Akakumbuka kwamba rimoti ya televisheni, iliyokuwa imekufa tangu mwaka jana hata wakawa wanainuka kubonyeza kwa kidole, imefufuka hivi karibuni, na Mheshimiwa amekuwa akikaa kitini akibadilisha habari kama mfalme. Akaenda sebuleni, akazichomoa betri kwenye rimoti, akazitia kwenye kipima. Taa ya kijani ikawaka. Kikanyamaza.

Akapita nacho sebuleni: kimya. Chumbani kwake kikatoa mlio mmoja, kikaacha. Alipoufungua mlango wa chumba cha nyuma kilianza kulia hata kabla hajavuka kizingiti, na alipokisogeza kwenye ufa wa sakafu, chini kabisa ya kitanda cha mama mkwe, kilipiga mayowe mfululizo, taa nyekundu ikimwekamweka mkononi.

"Zima hicho!"

Mheshimiwa alikuwa nyuma yake, ametoka kazini, jasho likimtoka chini ya kofia.

"Kwa nini kilikuwa hakina betri?"

"Nipe hapa."

"Baba, nakuuliza. Kwa nini?"

Akatazama nyuma kama kuna mtu anasikiliza. "Kililia humu," akasema kwa mnong'ono. "Siku ya kwanza tu. Nilikuwa najifunza kukitumia, nikaanza na nyumbani, kikalia. Sasa ulitaka niripoti nini? Nyumba ya balozi ina gesi? Nyumba ya kwanza katika taarifa yangu ya kwanza iwe yangu? Wangenicheka. Wangemchukua yule fundi cherehani, ana hamu na kizibao hiki kama nini."

"Mama yako analala hapa."

"Analala tangu zamani. Amewahi kufa?"

Bikizee alikuwa ametokea mlangoni, akishika ukuta. Mayowe ya kipima yalimtoa kwenye jua. "Kuna nini, mwanangu? Hicho kinalia nini?"

Dobi hakusema. Alikaa kimya makusudi, ili Mheshimiwa awe na nafasi. Alimpa nafasi yote iliyokuwamo katika chumba kile.

Mheshimiwa alinyoosha mkono, akakichukua kipima mkononi mwa mkewe, akabonyeza, kikanyamaza. "Kibovu hiki, mama," akasema. "Vitu vya siku hizi." Akamshika mama yake bega na kumketisha kitandani, juu ya ufa uleule, akamtandikia mto vizuri mgongoni. Kwa mambo kama ya mto alikuwa mtoto mwema sana.

Dobi alitoka akarudi na nyundo. Dirisha la chumba kile lilizibwa kwa mbao siku nyingi, kwa kuogopa wezi. Alizipiga mbao zile mpaka zikaanguka nje, hewa ikaingia, bikizee akipiga kelele kwamba mke wa mwanawe ameingiwa na wazimu, majirani wakichungulia. Mheshimiwa aliwapungia mkono.

Kesho yake asubuhi, kabla Dobi hajarudi kutoka bomba la juu, Mheshimiwa alikuwa amepigilia mbao mpya, nzuri, zilizorandwa, akazipaka rangi ya njano iliyobaki kwenye mabomba. Wageni wangepita upande ule. Haingefaa waone dirisha lililovunjika.

*

Siku ya ugeni palifungwa mahema na viti vikapangwa. Vya mbele vilikuwa na mito, vya nyuma vilikuwa vya plastiki, na wanaokunywa maji ya kisima walipewa vya nyuma. Wizara ilileta watu wanene na mhandisi mmoja mwembamba, mzee, mwenye miwani. Meneja, kijana mwenye viatu visivyojua tope, aliwapandisha kilimani akawaonyesha mabomba. Waliyapiga picha. Mtu wa wizara aligonga bomba moja kwa kifundo cha kidole, likayumba kama jino bovu, akaliachia haraka na kusema kazi ni nzuri. Mhandisi mzee aliliona likiyumba. Alivua miwani akaanza kuisafisha, na aliendelea kuisafisha mpaka walipokuwa wametelemka.

Nyuma ya hema Meneja alimkabidhi Dobi jagi la kioo na chupa za maji, bado zimezibwa. "Mimina hizi, mama, halafu subiri nikuite. Usikosee, eh?" Akamkonyeza kana kwamba wote wawili ni wajanja.

Dobi alibaki peke yake na jagi. Hakuwa amepanga kitu. Alizitazama zile chupa, akawasikia kule mbele wakicheka kicheko cha watu waliokunywa soda, akazisukuma chupa chini ya meza. Akatoka na jagi lake mpaka kisimani, akapiga pampu. Maji yakatoka na rangi yake na harufu yake. Alichotaka kilikuwa kimoja. Mheshimiwa akiisogeza gilasi mdomoni atanusa, na akinusa itambidi aseme. Neno moja la kweli mbele za watu, hata kama ni kwa kuogopa tumbo lake mwenyewe. Dobi angelipokea hilo. Alikuwa ameshapunguza matarajio yake mpaka hapo.

"Na sasa," Meneja akasema kwenye kipaza sauti, "balozi wetu, mtu wa hapahapa, atatuonyesha!"

Dobi akaingia na gauni la bluu, akaweka jagi mezani. Kwenye jua maji yalikuwa na umanjano kidogo, wa kuonekana na anayetaka kuona. Mheshimiwa alisimama, akavuta kizibao, akamimina gilasi ikajaa, akainyanyua kuelekea meza kuu. Kisha akaishusha mdomoni, na pale akasita.

Aliinusa. Macho yake yakamtafuta mkewe, yakampata. Dobi alimtazama bila kupepesa. Sema, alimwambia moyoni. Sema tu.

Mheshimiwa akanywa. Alikunywa mfululizo, koo likipanda na kushuka, machozi yakimjaa, akamaliza hata tone, akageuza gilasi juu chini kuonyesha haina kitu.

"Matamu," akasema.

Hema zima likapiga makofi. Wanawake wa ndoo walipiga makofi pia, wale walioanza kununua maji ya chupa kwa watoto wao wachanga kwa siri. Mhandisi mzee alikuwa ameweka leso puani. Alikuwa amesoma mambo hayo ng'ambo, alijua harufu ile inatoka wapi na inabeba nini, na alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Akaangalia simu yake.

Ndipo bikizee aliposimama. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki cha kwanza, amevaa vizuri, uso umemwiva kwa fahari. Hakuna aliyemwita. Alijikongoja mpaka mezani akanyoosha mkono.

"Nami nipe, baba," akamwambia mwanawe. "Tunywe wote waone."

Watu wakashangilia. Wapiga picha wakasogea. Meneja akafurahi kweli, maana hata yeye asingeweza kupanga jambo zuri kama hilo. Yeye bado aliamini kwamba ndani ya jagi mna maji ya chupa. Ukimtoa mhandisi na leso yake, waliojua walikuwa wawili tu.

Dobi alimtazama mumewe. Kulikuwa na maneno mengi mepesi ya kutumia. *Mama, keti. Mama, utachoka. Mama, yamekwisha.* Uongo tu, nao angeuweza, alikuwa bingwa wa uongo, na safari hii ungekuwa wa heshima.

Mheshimiwa alishika jagi. Alimimina. Alijaza gilasi ya mama yake mpaka juu, kwa uangalifu, asimwage tone kwenye kitambaa cha meza, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Dobi hakukumbuka baadaye alivyofika mezani. Alikumbuka tu kiganja chake kikipiga gilasi, na gilasi ikiruka, na maji yakimmwagikia bikizee kifuani.

"Ni ya kisima!" akapiga kelele. "Ni ya kisima kweli! Nimeyachota mwenyewe! Nuseni!"

Mtu wa wizara akacheka, akasema, "Lakini mama, si ndivyo tulivyoambiwa?" na hema likacheka naye kwa nguvu, kwa shukrani. Walinzi wakamshika Dobi mikono. "Joto, jamani," Meneja akasema kwenye kipaza sauti, uso umempauka. "Joto tu. Chakula kiko tayari." Na kweli kilikuwa tayari, na watu wakainuka.

Bikizee alibaki amesimama. Alinyanyua kipande cha kanga kilicholowa, akakipeleka puani, akakaa nacho hapo.

*

Walinzi walimwachilia Dobi barabarani. Alipogeuka, alimwona mama mkwe akija nyuma yake, polepole, peke yake. Akamngoja. Wakatembea pamoja mpaka karibu na nyumba.

"Alijua?" bikizee akauliza.

"Alijua, mama. Alinusa kabla hajanywa."

"Na wewe ndiye uliyeyatia."

"Mimi ndiye. Nilitaka aseme hapana. Sikufikiri kama ungesimama. Nisamehe."

"Kile kimashine, hakikuwa kibovu."

"Hakikuwa kibovu."

Bikizee alisimama kupumzika, mkono umeshika kiuno. Hakulia, wala hakumlaani mtu. Alikuwa akiangalia mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Nilikuwa nautazama mkono wake anapomimina," akasema. "Nilidhani labda nimezeeka, sioni vizuri. Lakini nimeona. Haukutetemeka."

Waliingia ndani. Bikizee alikwenda chumba cha nyuma, akatoka na sanduku lake, akaliweka sebuleni.

"Yule dada yako wa kule juu," akasema, "ana nafasi?"

*

Dada yake Dobi alikuwa na nafasi, nayo ilikuwa finyu, lakini ilikuwa na bomba la maji uani. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja. Mkuu wa wauguzi hakurudi. Alituma sare kwa mtu mwingine, bila salamu, kama jaribio, na zilipomfikia nyeupe akatuma nyingine.

Habari za kule chini ziliwafikia kwa wanawake wa ndoo, ambao sasa walipanda mpaka bomba la juu kuchota. Mheshimiwa aliugua tumbo, akatapika kutwa, na alipopata nafuu Meneja akamletea cheti chenye fremu. Mradi ulipasishwa. Kazi ya dampo jipya alipewa mtu mwingine, shemeji wa mtu, na Mheshimiwa akaambiwa avumilie. Mtaani wakaanza kusema kwamba familia yake imekimbia gesi. Meneja akamshauri awafunge midomo kwa kuhamia mwenyewe chumba cha nyuma, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa ameuvaa uongo ule muda mrefu hata akaanza kuusadiki, akahamia, nyuma ya mbao zake nzuri za njano.

Asubuhi moja yenye baridi alifunga mlango, akawasha kibiriti achemshe chai. Mlipuko ulisikika mpaka kwa dada. Mabati mawili ya paa yaliruka yakatua kwenye kilima, katikati ya mabomba. Ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini. Kwa kuwa ukuta ulitangulia kupasuka, yeye alipona. Aliungua mikono, akapoteza nyusi, masharubu na nywele za mbele.

Alikuja kwa dada alipoweza kutembea. Dobi na mama mkwe walikuwa uani, wakikamua mashuka. Ilikuwa kazi ya watu wawili: kila mmoja anashika ncha zake, wanasokota kila mtu kwa upande wake, maji yanatoka. Bikizee alianza kuifanya bila kuombwa, na aliifanya vizuri, akiyakaripia mashuka kama alivyokuwa akiwakaripia watu. Nguo zilianikwa mbele ya nyumba, barabarani kabisa, na wageni waliokuja waliziona.

Mheshimiwa alisimama karibu na kamba. Bila nyusi alionekana mtu anayeshangaa daima. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji, na juu ya shati alikuwa amevaa kizibao.

"Shikamoo, mama. Mke wangu, habari za hapa."

"Nzuri," Dobi akasema. Bikizee aliitikia kwa kichwa.

"Kampuni watanitengenezea nyumba," akasema. "Wamekubali. Ila wanahitaji maelezo ya wanafamilia, ili mambo yaende sawasawa. Kwamba ulikuwa mtungi. Mtungi wa gesi ya kupikia." Akapunguza sauti. "Nyinyi semeni tu kwamba tulikuwa na mtungi mle ndani. Basi. Sio uongo wa kumdhuru mtu."

Dobi alitazama chini. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amepika kwa kuni na mkaa. Alijua kwamba akifungua mdomo angesema mengi, na hakuona kama mtu aliyesimama pale alistahili pumzi hiyo.

Bikizee ndiye aliyeuliza. "Mtungi wenyewe ulikuwa mkubwa au mdogo?"

Uso wa Mheshimiwa ukachangamka. "Mdogo, mama! Mdogo tu. Ule wa bluu."

"Wa bluu," bikizee akarudia. Alimtazama mwanawe, kichwani mpaka viatuni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama, kama mtu anayehakikisha kitu kabla ya kukirudisha dukani. Kisha akainama, akatoa shuka jingine kwenye beseni.

"Mkwe wangu," akasema, "shika upande wako."

Dobi akashika. Wakaanza kusokota. Mheshimiwa alisogea hatua moja, akaendelea kueleza: kwamba mtungi ulikaa pembeni ya mlango, kwamba ulikuwa ukivuja kidogo na yeye alikuwa amekusudia kuurudisha, kwamba mpira wake ulikuwa umechakaa. Kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuuona, na sauti ikampanda, akaanza kupunga ile mikono ya bandeji. Wanawake wale wawili walikuwa wamempa mgongo. Walipolianika shuka la mwisho, alikuwa amefika kwenye jina la muuza duka aliyemuuzia.